Babu Alishukia Beaufort West

Port Nolloth
Jumapili, 8 Februari 1998

Shangazi mpendwa,

Nakusalimu wewe, nawasalimu wote wa nyumbani, na ng'ombe pia, hasa yule dume mwekundu unayempenda kuliko unavyonipenda mimi. Mimi ni mzima. Goti linauma asubuhi, lakini likikaa karibu na joto la pampu linanyooka. Unisamehe kwa kuchelewa kuandika. Bahari imechafuka tangu Krismasi. Ikichafuka hatuendi kazini, tusipokwenda hatulipwi, na mtu asiyelipwa hana habari za kuandika.

Uliniuliza kama nimepata watu wa kwetu huku. Sijapata. Watu ni wema, lakini lugha yao si yetu na jina langu haliwakai mdomoni. Gert, mpiga mbizi wetu, alijaribu "Mbuyiselo" siku ya kwanza akachoka. Akaniita Pompi, kwa sababu mimi ndiye ninayelinda pampu inayompa pumzi akiwa chini. Sasa mji mzima unaniita Pompi. Hata bahasha ya mshahara imeandikwa Pompi. Jina la ukoo wetu, Khonjwayo, nalisoma kwenye barua zako tu, na nikilisoma nakaa vizuri kitini.

Habari iliyopo ni ya meli. Unajua kazi yetu: Gert anashuka na bomba, bomba linanyonya kokoto, sisi juu tunachekecha kutafuta almasi. Mwaka jana na mwaka juzi tulinyonya kwenye korongo moja la chini ya maji karibu na mwamba wa Swartklip, na bomba likawa linaleta mikono ya vikombe vya bati. Kumbe kuna meli imelala pale. Sasa serikali imelifanya eneo lile kuwa urithi wa chini ya bahari. Wameweka maboya ya manjano, na Mzee Dawid, mwenye boti, ameambiwa ahame. Amekasirika mpaka hali chakula.

Mama mmoja kutoka Keptauni, Bi Cloete, alitukusanya gatini akatueleza. Meli inaitwa Hester Louw. Ilizama kipupwe cha mwaka 1938, ikipeleka wanaume visiwani kukwangua mavi ya ndege yanayouzwa kuwa mbolea. Kulikuwa na ukungu, ikagonga mwamba. Mabaharia waliingia kwenye mashua wakafika pwani. Wanaume wa kazi walikuwa chini, mahali pa mizigo, na mlango wa juu ulikuwa umefungwa kwa sababu ya mvua. Hakuna aliyekumbuka kuufungua, au aliyekumbuka hakurudi. Wapiga mbizi wake wameona masufuria ya miguu mitatu na bangili za shaba. Sheria ni kwamba hakuna kuchukua kitu pale, na hakuna kuacha kitu. Hata jiwe.

Gert alisema, "Pompi, ona dunia. Sisi tukilala bila kazi tunaitwa wavivu. Meli ikilala bila kazi inaitwa urithi."

Tulicheka sana. Nimekuandikia haya kwa kukosa jingine.

Mwanao,
Mbuyiselo


Ngqeleni
15 Machi 1998

Khonjwayo, mtoto wa kaka yangu,

Barua yako imefika, nasi tupo. Mvua ya mawe imepiga mahindi ya upande wa mto, ya juu yamepona. MaDlomo jirani yetu amepata mjukuu mwenye kichwa kikubwa, anasema atakuwa hakimu. Simu ya dukani haifanyi kazi, wezi wamekata waya, kwa hiyo usihangaike kupiga. Nakohoa kidogo. Ni moshi wa jikoni.

Umeliandika jina la meli ile kama mtu anayeandika jina la mbwa wa jirani. Siwezi kukulaumu, hukuambiwa. Baba yangu Dumezweni, babu yako, alipanda Hester Louw.

Karani aliyeandikisha watu wa kazi alikuja mwenyewe kumwambia mama. Alisimama nje ya ua akalitaja jina la meli, akaacha blanketi, akaondoka. Baba yako alikuwa mdogo, anatambaa. Mimi nilikuwa tumboni. Basi wote wawili tulikua bila kumjua, na baba yako naye akaenda mgodini Welkom akarudi kwenye sanduku. Yeye angalau alirudi.

Hatukumtaja babu yako mbele yenu, watoto, kwa sababu aliyekufa mbali ukimtaja unamwita, na ukimwita lazima awepo mtu wa kumleta. Mtu huyo hakuwepo. Hatukujua meli ilizama wapi. Bahari ni kubwa na sisi hatukuwa na wa kumuuliza. Sasa wewe umekaa juu ya kichwa chake ukichekecha kokoto.

Nataka umlete nyumbani. Nitakupa tawi la umphafa, ule mti wa miiba wa langoni kwetu, uende nalo mahali alipofia, umwite, umpandishe, uje naye mpaka zizini walipo mababu. Kila nikipika pombe ya wazee namwaga ya kwanza chini, na kila nikimwaga najua hakuna anayekunywa. Nimefanya hivyo maisha yangu yote, mwanangu. Nataka aingie zizini mwaka huu.

Usiniulize kwa nini mwaka huu.

Shangazi yako,
Nozibele


Port Nolloth
26 Aprili 1998

Shangazi,

Salamu nyingi. Mpe pole MaDlomo kwa kichwa cha mjukuu. Hapa baridi imeanza, na samaki wamekuwa wengi hadi paka wanachagua. Kikohozi chako kinakwendaje? Moshi wa jikoni haukuwahi kukukohoza nilipokuwa nyumbani.

Niliposoma barua yako nilikwenda kukaa nyuma ya kiwanda cha samaki, nikarudi kazini nimechelewa, Mzee Dawid akanitukana, na sikusikia alichosema. Tumenyonya pale misimu miwili, Shangazi. Vilivyopita kwenye bomba sitaki kuviandika. Usiniulize, nami sikuulizi la mwaka huu.

Nimekwenda kwa Bi Cloete ofisini. Nilivaa koti. Akanikaribisha chai, akaniuliza nina shida gani, nikamwambia kuna kitu nataka kukichukua kule kwenye meli.

"Hairuhusiwi kuchukua kitu, kaka. Hata msumari."

"Sichukui kitu. Namchukua babu yangu."

Alivua miwani akaifuta, na ilikuwa safi. Nikamweleza habari ya tawi. Hakucheka. Aliandika. Halafu akasema eneo lile limehifadhiwa ili wale wanaume wabaki kama walivyo, wasisumbuliwe na mtu tena. Nikamwambia hilo ndilo ninalolilalamikia, kwamba wabaki.

Akaniambia tarehe 24 Septemba, Siku ya Urithi, waziri atakuja kuzindua, na ndugu wa marehemu wakipatikana watapelekwa na boti mpaka kwenye maboya. Atanipa nafasi. Nikauliza kama naweza kulichovya tawi majini. Akasema hapana, jani likidondoka ni kitu kimeongezwa, na wapiga mbizi wake watalazimika kulitafuta. Naweza kulishika juu ya maji tu. Nilitaka kubishana, lakini ni mwema, na kubishana na mtu mwema kunachosha kuliko pampu.

Je, juu ya maji inatosha? Uliza wazee.

Mbuyiselo


Ngqeleni
16 Agosti 1998

Khonjwayo,

Tupo, tunaendelea. Ng'ombe mweusi amezaa. Nimechelewa kujibu kwa sababu wazee wamekaa mara nyingi na kila wakikaa wanataka kula. Wamekubali. Wanasema wa majini husikia kutoka juu.

Tawi ni hili. Limekatwa na MaDlomo, mimi nililishika tu. Usishtuke kwamba si mimi niliyelikata, ni mkono umechoka. Limefungwa kwa kitambaa changu cha kichwa ili babu yako anuse nyumba. Likikauka njiani haidhuru. Angalia miiba yake, una kidole kibovu tangu utotoni.

Sikiliza vizuri. Mkatie tiketi yake, asikae kwenye mapaja yako kama mtoto. Kata zote kabla hujamchukua, ukishamchukua huna ruhusa ya kuongea na mwingine. Mwambie kila kitu: tunapanda, tunashuka, tunavuka daraja, sasa ni usiku. Ukila, mwekee. Ukikutana na mtu, pita. Ukimjibu mtu mwingine, babu yako atadhani safari imeishia hapo, atashuka, na utakuja nyumbani na kuni.

Nakujua. Tangu utoto mdomo wako hauna mlango. Ufunge safari hii moja tu, halafu uje uufungue huku mpaka tuchoke.

Nawatarajia siku ya Jumapili baada ya uzinduzi. Nimeshaanza kulowesha mtama. Dume mwekundu ndiye atakayechinjwa. Unaona sasa nani nampenda zaidi.

Nozibele


Beaufort West
27 Septemba 1998

Shangazi,

Leo sianzi na salamu. Usichinje ng'ombe.

Najua barua hii haitawahi. Najua leo ni Jumapili na watu wamejaa uani. Naandika hivyo hivyo, kwa sababu simu haipo na mikono yangu haiwezi kukaa bure.

Siku ya uzinduzi kulikuwa na bendi ya shule, na waziri akaongea kwa muda mrefu kuhusu kumbukumbu. Tulikwenda kwenye maboya, boti nne. Ndugu wa marehemu nilikuwa mimi peke yangu. Wengine hawakupatikana. Bendi ilikuwa kwenye boti ya pili na haikuacha kupiga, kwa hiyo nililazimika kumwita babu kwa sauti ya juu, kama mtu anayemwita mwenzake sokoni. Nikasema, "Dumezweni, Khonjwayo, mimi ni mtoto wa mtoto wako wa kiume. Nozibele, uliyemwacha tumboni, amenituma. Twende nyumbani." Nililishika tawi juu ya maji. Shangazi, hakukuwa na upepo wala wimbi, na tawi lilikuwa zito. Mkono ulishuka wenyewe. Ncha ikagusa maji. Bi Cloete aliona, akageuka upande wa pili kuangalia ndege.

Tulipofika gatini Gert alikuwa ananisubiri na gari lake. Alikuwa ameambiwa. Alinifungulia mlango wa mbele, halafu akafungua na wa nyuma, akasubiri kidogo, akaufunga taratibu. Safari nzima hakuniambia neno. Sikujua kama mtu yule anaweza kunyamaza.

Nilimwambia babu kila kitu. Tunaacha bahari. Hii ni Springbok. Hii ni Keptauni, usiogope taa. Kwenye basi kubwa la kwenda kwetu, Umtata, dereva alikuwa mtu wa kwetu, aliliona tawi, akavua kofia, akatupatia viti viwili vya mbele. Abiria walishusha sauti. Nilimwekea babu mkate kwenye kiti chake. Usiku kucha nilimsimulia: sasa ni mlima, sasa ni jangwa la Karoo, hakuna kitu nje, lala. Nilikuwa na furaha, Shangazi. Sikuwahi kuongea na mtu wa ukoo wangu muda mrefu namna ile tangu nimeondoka nyumbani.

Asubuhi basi likasimama Beaufort West kujaza mafuta. Kuna benchi la saruji ukutani, karibu na mahali malori yanapooshwa. Nikamwambia babu tunashuka kunyoosha miguu. Tukakaa. Tawi nililiweka pembeni yangu, upande wa jua.

Mzee mmoja alikuwa anaosha lori. Akanitazama, akaacha brashi, akanitazama tena. Akaja mpaka mbele yangu na maji yanachuruzika mikononi. Halafu akasema, "Khonjwayo."

Kwa sauti ya kwetu hasa. Jinsi inavyotamkwa langoni.

Nikaitika. Sikuitika tu. Niliinuka nikaitika kwa sauti, akataja jina la babu wa kwanza, mimi nikataja la pili, tukaenda hivyo tukipokezana mababu wote mpaka mwisho, tunacheka, amenishika mabega. Jina lake ni Zenzile. Alikuwa na baba yangu Welkom, kwenye chumba kimoja. Alisema ameujua uso kabla ya kujua ni wa nani. Nilimwambia jina langu, na nyumbani, na habari zako.

Yeye ndiye aliyeliona tawi. Alikuwa anaangalia nyuma yangu, uso ukabadilika, akaweka mkono mdomoni.

Nililichukua. Nikasema, babu, twende, basi linaondoka. Nilipanda. Lilikuwa jepesi, Shangazi, jepesi kama kitu cha kuwashia moto. Nikakaa. Hata basi halijawashwa, kijana mmoja aliyelewa akaja akaketi kwenye kiti cha babu, juu ya mkate, na katika basi zima lililokuwa limenyamaza kwa heshima usiku kucha hakuna hata mmoja aliyemwambia ainuke. Ndipo nilipojua. Nikashuka.

Nimekaa hapa tangu asubuhi ya jana. Nimemwita kwa kila namna. Nimemwomba radhi. Zenzile analia, anasema ni kosa lake, na mimi sina nguvu ya kumwambia si lake.

Mwambie MaDlomo watu waende.

Mbuyiselo


Ngqeleni
22 Novemba 1998

Khonjwayo,

Tupo. Mahindi yameota vizuri mwaka huu kuliko miaka mingi. Ndama wa yule mweusi ni jike. Mjukuu wa MaDlomo ameanza kukaa, kichwa kinamvuta upande mmoja tunamwekea mto. Paa la jikoni limevuja, mafundi wamekuja, wamelitengeneza, linavuja. Kanisani wamepata mchungaji mpya, kijana, anaogopa mbwa.

Barua yako ilikaa posta wiki nyingi, hakuna aliyekwenda mjini.

Tuliwasubiri. Watoto walikaa juu ya kilima kuangalia barabara, wakawa wanapokezana. Jumatatu pia walikaa. Jumanne pombe ilianza kuchacha, nikawaambia watu basi limeharibika njiani, wanywe. Wakanywa. Wengine waliimba. Dume mwekundu alibaki amefungwa pale zizini anatuangalia, jioni nikamfungua mwenyewe.

Sikukugombeza wakati ule kwa sababu sikujua, na sasa nikitafuta maneno ya kukugombeza siyapati.

Nataka kuuliza mambo machache. Hilo benchi lina kivuli? Linaangalia barabara au ukuta? Mama alikuwa akisema baba yangu hakuweza baridi, alilala na soksi mbili. Alikaa majini miaka sitini na mimi sikufikiria baridi yake hata mara moja, nilifikiria tu kwamba hayupo. Sasa yupo mahali ninapoweza kupawaza, kituo cha mafuta, na silali.

Kikohozi kipo.

Nozibele


Beaufort West
10 Januari 1999

Shangazi,

Salamu za mwaka mpya. Mimi ni mzima wa mwili. Utaona nimeandika kutoka huku huku. Nilirudi Port Nolloth baada ya ile barua, nikakuta pampu yangu ina mtu mwingine, naye ameshaanza kuitwa Pompi. Gert alinipa jaketi lake la baharini akasema Karoo kuna baridi. Sasa naosha malori na Zenzile. Nalala kwake.

Benchi lina jua mpaka saa nane, baada ya hapo kivuli. Linaangalia barabara. Usiku baridi ni kali kweli. Nililiweka jaketi la Gert juu ya benchi usiku mmoja, asubuhi limeibiwa.

Nilipokuwa kule nilimpitia Bi Cloete. Alifurahi kuniona. Alinionyesha picha wapiga mbizi walizopiga, meli imeota majani, samaki wanaingia na kutoka. Akasema kwa fahari kwamba tangu maboya yawekwe hakuna kilichotoka pale, kila mmoja yupo alipokuwa. Ameandika jina la Dumezweni kwenye kibao cha shaba pale gatini, ni jina pekee, kwa sababu mengine hayajulikani. Watalii wanapiga picha nalo. Anasema babu yangu amehifadhiwa. Sikumwambia. Ningeanzaje, Shangazi? Kwamba katika meli nzima aliyekosekana ni yule mmoja mwenye jina?

Nitumie tawi jingine. Mtume mtu anayejua kunyamaza, aje nalo hapa kwenye benchi, mimi nitakaa mbali. Au waulize wazee kama mimi naweza kurudia. Lile la kwanza ninalo. Majani yameisha, miiba ipo.

Na uniambie kikohozi kipo vipi. Uliandika maneno mawili tu.

Mbuyiselo


Hospitali ya Umtata
28 Februari 1999

Khonjwayo, mwanangu,

Usiogope ukiona anwani. Nimekuja kupimwa macho. Chakula chao hakina chumvi, lakini shuka ni safi na dirisha langu linaangalia barabara, kama babu yako.

Wazee wamejibu. Umphafa humfuata mtu mahali alipofia. Baba yangu hakufia kwenye benchi. Kule alikofia ameshatoka, na mahali alipo hakuna tawi linalopajua. Niliwauliza tena. Nilikwenda kwa wazee wa ng'ambo ya mto pia, nilibebwa kwenye gari la mchungaji yule anayeogopa mbwa. Ni jibu moja. Usikae ukisubiri tawi.

Hapo mwanzo niliandika nataka aingie zizini mwaka huu, ukaniuliza kwa kutoniuliza. Nilitaka awe ameshafika kabla yangu. Mtu asiyemjua baba yake anapokwenda kule, nani atampokea langoni? Nilikuwa nawaza hivyo tu, mambo ya kizee. Sasa nimeacha kuwaza.

Jambo moja nalisema wazi. Hapa wodini kila siku huja watu na matawi, kuchukua wa kwao. Wanaingia wamenyamaza, wanaongea na kitanda kitupu, wanatoka. Ikitokea nami nahitaji kuchukuliwa hapa, nimemwachia MaDlomo maneno: wasikutume wewe. Si kwa hasira, mwanangu. Ni kwamba wewe ukiitwa utaitika. Ulipokuwa mtoto, ulipoletwa kwangu baada ya baba yako, hukuwa unaongea kabisa. Nilikusimamisha langoni kila asubuhi nikakuita Khonjwayo, na uji haukushuka jikoni mpaka uitike. Mimi ndiye niliyekufundisha.

Macho yamechoka. Kula.

Nozibele


Beaufort West
2 Mei 1999

Shangazi,

Natumaini macho yanaendelea vizuri. Mimi nipo. Sijapata barua yako tangu ile ya hospitali, posta siku hizi ni ya kubahatisha, kwa hiyo nimeamua nisisubiri.

Baridi imeingia. Zenzile ana mafua. Karibu na benchi wamepaka rangi ukuta, bluu, na watu wanasema inapendeza. Nimemwambia babu. Namwambia yote: lori hili ni la kondoo, lile ni la vitunguu, hawa ni watu wa mazishi, hawa ni wanajeshi. Sijui kama anasikia. Sikuulizi tena.

Jumatano basi la kutoka Umtata lilisimama kujaza mafuta. Dereva ni yule yule aliyevua kofia. Alishuka, akanitafuta kule nyuma kwenye malori, akasimama mbele yangu na kofia mkononi. Akasema, "Khonjwayo, pole."

Nilimwangalia. Nilikuwa na brashi mkononi. Alisubiri, akadhani sijasikia, akaliita tena jina, taratibu. Sikumuuliza pole ya nini. Nikaendelea kuosha tairi. Basi lilipiga honi, akaondoka.

Jioni abiria wa Keptauni walijaa benchini na mizigo yao. Nikawaomba wasogee kidogo, waache nafasi. Nafasi ndogo tu, ya watu wawili. Wakasogea. Mama mmoja akaniuliza, nani anakuja kukaa?

Sikumjibu. Siku hizi naweza, Shangazi.

Mwanao,
Mbuyiselo